Macho Yameiva

Tamthilia za zamani za vichekesho zina kitu ambacho mtazamaji hakitambui mpaka siku atakapojaribu kuzitafsiri. Zina kicheko ndani yake. Watu fulani, katika nchi nyingine, miaka mingi kabla mama yangu hajazaliwa, walikaa ukumbini wakacheka, na kicheko chao kikarekodiwa pamoja na maneno. Maneno unaweza kuyafunika kwa sauti yako. Kicheko hukifuniki. Kinabaki palepale kilipowekwa, na kabla hakijafika lazima uwe umesema kitu cha kuchekesha, la sivyo ukumbi mzima unasikika ukicheka bure.

Nilifanya kazi hiyo miaka miwili, Masumbwe, chumbani kwangu, nikiwa nimetundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Nilirekodi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, kwa sababu saa tatu karasha la ng'ambo ya barabara lilianza kusaga mawe ya dhahabu, na likishaanza hata mawazo yako huyasikii.

Kazi ilitoka kwa mjomba wangu. Alikuwa na kibanda karibu na maegesho ya malori, mahali ambapo watu huleta flashi na memori kadi kujaziwa filamu. Wateja wake walikuwa madereva wanaokwenda na kurudi Isaka, na wachimbaji wanaotoka porini mwisho wa wiki. Filamu za mapigano zilishatafsiriwa na watu wa Dar wenye majina makubwa. Lakini kwenye diski moja ya zamani Mjomba alikuta mamia ya vipande vya tamthilia ya kizungu ya vichekesho, picha zake nyeusi na nyeupe, ambayo hakuna aliyeigusa.

"Si unajua Kiingereza wewe?" aliniuliza.

Nilijua kiasi. Kidato cha nne nilimaliza na matokeo ambayo sipendi kuyataja. Kiingereza nilijifundisha baadaye, kwa redio na kwa kamusi iliyokosa kurasa zote za herufi A na nusu ya B, kwa hiyo mpaka leo maneno yanayoanza na A nayajua kwa kubahatisha. Nilikuwa na daftari. Nilikuwa na hofu pia, ile hofu ya mtu anayejua kwamba hakufundishwa na mtu na kwamba siku moja atagundulika. Neno moja nilikuwa narekodi mara ishirini. Nikilikubali asubuhi, jioni nalikataa.

Mjomba alinipa sharti moja tu. "Usimwambie mtu ni wewe. Wakijua ni msichana wa hapa Masumbwe, wataanza kusikiliza makosa. Acha waamini ni mtu wa Dar."

Nilikubali kwa furaha. Sauti za wanaume nilizishusha, za wanawake nilizipandisha, na hakuna aliyehisi. Nilipita sokoni nikajisikia kwenye simu za watu, na moyo ulikuwa unanidunda kama mwizi.

Tamthilia yenyewe ilikuwa na mambo ambayo leo nikiyaeleza kwa maneno matupu hayachekeshi hata kidogo. Karibu kila kipande mume alimwinulia mkewe ngumi, na ukumbi ulicheka. Mimi nilimpa maneno: "Leo meno yako utayaokota sakafuni." Wachimbaji waliyapenda sana. Siku moja nilimsikilizisha Mama. Alikuwa anachambua maharage. Mikono yake ikasimama.

"Kwani huyo mwanamke amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, Mama. Ni komedi."

"Aa," alisema, akarudi kwenye maharage.

Usiku wa siku ile sikufikiria lolote kuhusu mama yangu wala ndoa yake iliyokwisha. Niliandika kwenye daftari: *Mama hakucheka. Labda nilisema haraka mno.*

Kulikuwa pia na mtumishi wa nyumba, mtu pekee mle ndani mwenye rangi kama yetu. Alikuwa ameandikwa aogope kila kitu, akodoe macho na kuvunjavunja maneno. Nilimpa Kiswahili cha Msukuma aliyeteremka leo kutoka juu ya lori la ng'ombe, akichanganya *r* na *l*. Kwenye kibanda umiza, ambako tulikaa kwenye mabenchi kutazama, Wasukuma wenyewe walicheka hadi wengine wakaanguka. Nikajiambia, wanajicheka wenyewe, ubaya uko wapi? Mimi mwenyewe ni Msukuma.

Ndivyo nilivyofika kwa mama mkwe, bila kusimama mahali popote njiani.

Mama mkwe wa tamthilia ile aliingia katika kipande cha tisa. Alikuwa bibi kizee mwenye mkoba mkubwa. Kila akifungua mlango, mkwewe humtukana mara moja, kisha ukumbi hucheka sekunde saba. Nilizipima. Sekunde saba za kicheko ni nyingi sana. Tusi lenyewe lilimfananisha na mnyama ambaye huku hatumjui, na neno lilianza na A. Nilijaribu fisi, nilijaribu nyati, nilijaribu mgambo wa kijiji. Vyote vilikuwa vidogo. Ukumbi uliendelea kucheka na mimi nilikuwa nimeshamaliza kusema.

Asubuhi ya pili nilikuwa bado nimekwama. Dirisha langu lilitazama jiko la nje ambako Bibi, mama yake mama yangu, alikuwa anapuliza moto. Bibi alikuja kwetu kutoka upande wa Mhunze nilipokuwa darasa la tatu. Niliambiwa ni kwa sababu ya ukame. Huko kwao miti ilikwisha zamani, kwa hiyo maisha yake yote alipikia kinyesi cha ng'ombe na miti ya pamba iliyokauka, na moshi ule ulimwachia macho mekundu yasiyopona. Hapa Masumbwe kuni zipo na mkaa upo, ila mkaa aliukataa. Alisema chakula cha mkaa hakina harufu. Alikohoa, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akaniita kwa sauti yake ya kukwaruza: "Ng'wanawane, chai imeiva, njoo uonje."

Ng'wanawane maana yake ni mwanangu. Hivyo ndivyo alivyoniita kila siku.

Nilivaa vipokea sauti, nikawasha maikrofoni. Mlango wa tamthilia ukafunguka, mama mkwe akaingia. Kwa sauti ya mume mwenye hofu nikasema, "Uwii, Mama! Leo macho yameiva!" Na kwa sauti ya Bibi, na kikohozi chake, nikajibu: "Yameiva, ng'wanawane. Njoo uonje."

Sekunde saba zilitosha kabisa, kama shati lililopimwa na fundi. Sikurudia hata mara moja. Katika miaka miwili, hiyo ndiyo sentensi pekee niliyoikubali mara ya kwanza.

Nje Bibi alikuwa amenisikia kupitia ukuta. "Nani huyo ananiiga?" aliuliza, akacheka.

Sasa nataka kusema jambo ambalo ningependa kulizunguka. Nilijua. Hakuna mtoto aliyekulia huku, tangu Kishapu mpaka Mbogwe, asiyejua kwamba bibi kizee mwenye macho mekundu huitwa mchawi watu wakiwa na hasira au msiba. Nilijua, na ndiyo maana ilichekesha. Kicheko kilihitaji kitu kikubwa, na hicho ndicho kitu kikubwa nilichokuwa nacho karibu.

Ilisambaa kuliko chochote nilichowahi kufanya. Dereva mmoja aliniambia, bila kujua anamwambia nani, kwamba Isaka makuli wanasalimiana hivyo: mmoja anaita "Macho yameiva!" na mwingine anaitika "Njoo uonje!" Kwenye maduara, yale mashimo wanamoshuka kutafuta mawe, waliitana hivyo kutoka juu na chini. Nilijaa sifa ambazo sikuweza kumwambia mtu. Nilikuwa natembea barabarani nikijizuia kutabasamu.

Kisha wasichana wawili bombani wakamwambia Bibi.

Nilikuwa nyuma yake na ndoo. "Bibi, macho yameiva?" mmoja aliuliza kwa adabu zote, huku akimminya mwenzake. Bibi hakuwahi kuona tamthilia. Akadhani wanamhurumia.

"Yananiuma kidogo, wajukuu zangu. Wabeja, asanteni."

Waliondoka wakicheka hadi maji yakamwagika. Bibi aliwatazama akifurahi kwamba vijana wana furaha. Mimi nilijifanya nafunga kamba ya ndala.

Jirani yetu, mke wa mchimbaji, alikuwa amejifungua miezi miwili kabla, na Bibi ndiye aliyempelekea uji siku za mwanzo. Wiki ile alipomwona Bibi anakuja, alimfunika mtoto uso kwa kanga. Bibi akadhani ni vumbi. Siku chache baadaye mtoto alipata homa, ikapanda, akashikwa na degedege. Walimkimbiza hospitali, akapona. Lakini mumewe naye alikuwa na miezi kwenye duara ambalo halitoi kitu, na nikamsikia nyuma ya uzio akisema, "Kuna mtu anatukausha."

Mkewe alijibu jambo ambalo sijaacha kulisikia. "Tulikuwa tunadhani ni mambo ya huku kijijini. Kumbe hata Dar wanajua. Si unasikia yule mtafsiri? Kama vile amekaa naye. Anakohoa vilevile."

Nilibaki nimesimama na beseni la nguo mkononi. Utani wangu ulikuwa umegeuka ushahidi, na shahidi mwenyewe ni mtu wa Dar asiyetujua, ambaye kwa hiyo hana sababu ya kusema uongo.

Nilimnunulia Bibi miwani myeusi. Alivaa siku moja kwenda kanisani. Nyuma yetu mtu akasema, "Sasa anayaficha." Aliivua kabla hatujafika mlangoni.

Wiki iliyofuata tuliamka tukakuta ukuta wa jiko la Bibi umeandikwa kwa mkaa, kwa herufi kubwa: YAMEIVA. Nitakiri hata hili: kabla sijaogopa, niliona kwamba tahajia ni sahihi. Mama alichukua tambara akafuta. Alipomaliza alinivuta ndani.

"Unajua kwa nini bibi yako alitoka Mhunze?"

"Ukame."

"Ukame!" alisema. "Ng'ombe walikuwepo. Walimwandikia barua ya kumwambia ahame la sivyo atauawa, wakaichomeka mlangoni. Yeye na jirani yake, wote wawili, siku moja. Bibi yako nilimfuata nikamleta. Yule mwenzake alisema mimi hapa nimezaa watoto saba, nani atanifanya nini. Hakuhama." Alikunja tambara, akalikunjua. "Tulimzika wiki iliyofuata."

Alijua ninarekodi, ila hakujua kwamba maneno yale ya macho ni yangu. Nilifungua mdomo nikamwambia. Akaniuliza swali lilelile alilouliza siku ya maharage, ila kwa sauti ya chini zaidi: "Kwani amefanya nini?"

Nilikwenda kwa Mjomba. Alinisikiliza huku akimjazia mteja flashi.

"Nikifuta kwangu, utafuta na kwenye simu zao?" alisema mteja alipoondoka. "Kitu kimeshatoka. Halafu wewe ndiyo kwanza nataka kukuambia. Kuna bwana Mwanza ana duka kubwa, anawataka ninyi."

"Sisi nani?"

"Wewe na yule bibi wako wa kwenye komedi. Anataka umweke kila kipande."

"Mjomba, yule ni Bibi. Ni mama yako mkubwa, dada yake mama yako."

"Najua ni nani," alisema, na kwa mara ya kwanza akaacha kutazama kompyuta. "Unadhani mimi silali nikiwaza? Lakini nikisimama hapa nikasema ni mpwa wangu alifanya mzaha, watasema ukoo mzima unamficha. Nyamaza. Litapoa."

Halikupoa, na mimi sikuweza kunyamaza. Nilifanya kile ninachokijua, nikarekodi upya. Asubuhi nne nilikaa na kipande cha tisa. Niliondoa macho, niliondoa kikohozi, niliondoa *ng'wanawane*. Mama mkwe nikampa sauti ya mwalimu mkuu mstaafu, na tusi nikalifanya la mkoba: "Mama, huo mkoba umehamia nao au unahama nao?" Halikuwa baya. Halikujaza sekunde saba, lakini lilijaza nne. Mjomba, kwa kunionea huruma, akakubali lioneshwe kibanda umiza Jumapili alasiri.

Nilikaa benchi la nyuma. Ukumbi ulijaa, wachimbaji wengi wakiwa na vumbi jeupe la karasha shingoni. Mlango wa tamthilia ulifunguka. Mama mkwe akaingia. Na kabla sauti yangu mpya haijasema kitu, watu wa benchi la mbele waliita kwa pamoja, "Macho yameiva!" na ukumbi mzima ukaitika, "Njoo uonje!" Walikohoa hata kile kikohozi. Mkoba wangu haukusikika kabisa. Kisha kicheko cha wale watu wa zamani kikaja kwa wakati wake, sekunde zote saba, kikachanganyika na cha hawa mpaka sikuweza kuvitofautisha.

"Hii wameiharibu," jirani yangu wa benchi aliniambia. "Ile ya kwanza ndiyo yenyewe."

Bibi aliacha kwenda bombani. Alianza kusema magoti yanamuuma, na sisi tukakubali kwamba ni magoti. Aliketi upande wa ndani wa uzio, akisikiliza nani anapita, na waliokuwa wakimwamkia kwa sauti kutoka njiani, "Shikamoo Bibi!", walipungua. Wengine walipita kimya. Wengine walivuka upande wa pili. Ndani ya uzio ule nilikuwa na yeye mchana kutwa, maana nami sikuthubutu kwenda mbali nikamwacha peke yake. Alikuwa ananimenyea viazi vitamu, akiniuliza kwa nini sirekodi siku hizi.

"Nimechoka, Bibi."

"Umri huo, umechoka? Mimi nilikuwa nalima."

Jumuiya yetu ya kanisani husali kwa zamu nyumba hadi nyumba, kila Jumamosi asubuhi. Zamu yetu ilikuwa inakaribia. Mama alisema tuombe kurukwa. Bibi akasema nyumba haijawahi kurukwa akiwa hai. Mimi niliona ndiyo nafasi. Kama shahidi wa Dar ndiye aliyemtia hatiani, basi nitasimama niwaonyeshe kwamba hakuna shahidi, kuna mimi. Niliandika maneno yangu kwenye daftari, nikayafuta, nikayaandika. Niliyasoma mbele ya kioo. Yalikuwa mazuri.

Walikuja saba, kati ya wale thelathini na zaidi tuliowazoea. Mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alikuwa amemshika jirani yetu mkono kama mtu anayemvusha mto. Jirani aliketi karibu na mlango, mtoto akiwa amefunikwa. Tulisali rozari. Bibi aliongoza fumbo la tatu. Tulipomaliza, nilisimama.

Daftari sikulifungua. Nilisema tu kwamba sauti ile ya kwenye komedi ni yangu. Sikusema vizuri. Nilisema hakuna mtu wa Dar, ni mimi, hapa nyuma ya ukuta huu, nilikosa la kusema nikachukua kikohozi cha Bibi na macho ya Bibi na neno analoniita. Nilisema hana kosa lolote, kosa ni langu, mnisamehe. Nilianza kulia mahali ambapo kwenye daftari nilikuwa nimepanga kutulia.

Kisha jirani akaongea, bila ukali, kama mtu anayetaka kuelewa vizuri.

"Kwa hiyo hata wewe, mjukuu wake, uliyaona."

Nilikuwa nimepanga kila neno, ila hilo sikulifikiria. Nilidhani nimekuja kuondoa shahidi, kumbe nimeleta mwingine mwenye uzito zaidi, wa damu, anayelala nyumba moja naye.

Bibi ndiye aliyejibu, kutoka kwenye mkeka.

"Aliyaona. Anakaa na mimi, atakosaje kuyaona? Ni mekundu. Yanawasha, na jua likiwa kali yanatoa machozi. Njoo uyatazame karibu, mama, uone kama kuna kingine." Jirani hakusogea. Bibi akanigeukia. "Ila wewe sauti umeikosea. Mimi sijawahi kumwambia mtu njoo uonje kabla hajanawa mikono."

Mwenyekiti alicheka puani, akajizuia. Mwanamke mwingine naye akatabasamu akitazama chini. Jirani hakucheka.

Wakati wa kuaga, mwenyekiti alitupeleka pembeni, mimi na Mama. Aliongea kwa upole. Alisema watu ni watu, mume wa jirani ana wenzake, na wenzake hawasali rozari. "Bibi angepumzika kidogo kwa ndugu. Mwezi, miezi miwili. Kwa usalama wake."

Mama alitazama chini. Na mimi, katika moyo wangu, kwa muda ambao hautoshi hata kuvuta pumzi, niliona basi la Mwanza, chumba chenye kuta nzuri za kurekodia, na mimi nikiwa ndani yake nisiye na bibi wa kulinda. Ilikuwa picha nzuri sana. Naiandika hapa kwa sababu nimechoka kuwa nayo peke yangu.

"Kwa ndugu yupi?" Bibi aliuliza nyuma yetu. Kumbe amesikia yote. "Nilishahama mara moja kwa sababu ya macho. Nikaja nayo."

Akachukua ndoo.

"Twende bombani," aliniambia. "Magoti yamepona."

Tangu siku hiyo ninakwenda naye kila asubuhi, saa zilezile nilizokuwa narekodi. Yule bwana wa Mwanza alipata mtu mwingine, kijana mwenye sauti nzuri, na kijana huyo ameniiga mimi nikimwiga Bibi, na amemweka kila kipande. Namsikia kwenye simu za wapita njia. Kikohozi anakikosea, kinatoka kirefu mno. Siku hizi mwenyekiti hupita kwetu jioni mbili tatu kwa wiki kuketi uani, aonekane ameketi. Mjomba ameweka geti la bati. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo nje, navua ndala ili nisikie vizuri.

Njiani mimi ndiye ninayetangulia kusalimia, kwa sauti kubwa, kila mtu, ili ambaye ataniitikia alazimike kumwamkia na Bibi. Wengi wanafanya hivyo. Wasichana wale wawili walisema shikamoo huku wakitazama miguu yao. Jirani hunijibu mimi, kisha hugeuka. Kwa Bibi shikamoo haijatoka.

Bibi aliligundua. "Wanakujibu wewe," aliniambia juzi tukirudi. "Kesho usiseme kitu. Nataka nijue ni wangapi."

Jana sikusema kitu. Ilikuwa ngumu kuliko kusimama mbele ya jumuiya. Bombani alikuwepo jirani peke yake, mtoto mgongoni, ndoo yake ikikaribia kujaa. Bibi alisimama pembeni, mikono nyuma, akasubiri kuamkiwa kama mtu mzima anavyosubiri. Maji yalijaa, yakaanza kumwagika juu. Jirani aliinua ndoo, akaiweka kichwani, akaondoka bila kulifunga bomba.

Bibi alisukuma ndoo yetu chini ya maji yale. "Ametuachia wazi," alisema. "Ni salamu hiyo."

Mimi nilikuwa nimemtazama jirani usoni, nikaona woga. Nilimwona alivyoharakisha, alivyomshika mtoto miguu kwa mkono mmoja mpaka alipopinda kona. Sikumwambia Bibi. Nilisubiri ndoo ijae, nikafunga bomba, nikamtwika.